Mume wangu kasema "familia tu", mtoto wa marehemu dada akabaki anashika simu

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Dada yangu alifariki akaacha mtoto wa miezi tisa. Nikamchukua mimi. Miaka miwili baadaye nikaolewa, mume wangu akijua kila kitu. Sasa kijana yuko darasa la tatu na ada analipa mume wangu bila kinyongo, hilo nalisema wazi. Wawili wengine tumezaa naye.

Desemba tulipanda Marangu kwao. Siku ya pili ya Krismasi ikapigwa picha ya ukoo, kisha mpiga picha akasema sasa baba na familia yake. Mume wangu akamwambia kijana, "Wewe tushikie simu." Akasimama pembeni amezikumbatia simu zetu na za shemeji zangu, anatabasamu. Picha ikasafishwa, ikawekwa fremu, iko sebuleni.

Kinachoniuma ni hiki: tangu tumerudi haniiti mama. Ananiita "mama mdogo". Kwa lugha hajakosea, mimi ni mdogo wa mama yake. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa mama.

Nimemuuliza mume wangu, kanijibu, "Simtengi, ila yule ni wa kwenu." Nifanyeje?

Babu wa Matombo: Wewe Mluguru? Maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo. Dada akifa, wewe ndiye mama, wala hakuna neno "kama" hapo. Mumeo asijue tu kwamba kwa hesabu ya Uluguru hata hao wawili aliosimama nao ni wa kwetu 😂

Muuliza: Babu umenichekesha. Ndiyo, Mluguru.

Mmangi mstaafu: Mnamwonea jamaa. Kwetu Wachaga ukoo unafuata baba, na picha ikipigwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, mbele ya kaka zake inasomeka kama orodha ya warithi. Inawezekana aliogopa maneno ya kaka zake kuliko anavyompenda au kutompenda mtoto. Usimbane kwa habari ya ukoo, mtabishana mpaka Pasaka. Muulize: hapa nyumbani kwetu, huyu ni nani?

Kapera: Ndiyo maana sioi.

Mama Mapacha: Kihamba sawa, lakini sebule si kihamba! Dada, mtoto anaiona fremu ile kila akila chakula. Itoe leo, usiseme kitu. Atauliza mwenyewe.

Wakili mtaani: Kulea na kuasili ni vitu viwili. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 maombi ya kuasili yanapelekwa Mahakama Kuu, na akishaasiliwa anakuwa na haki kama wa kuzaa. Wanandoa mnaweza kuomba pamoja, kwa hiyo anza na mumeo kabla ya mahakama. Baba mzazi yupo? Na cheti cha kuzaliwa msije mkakichezea kwa kuandika jina lako kinyemela.

Muuliza: Baba yake hatujawahi kumwona.

Mtoto wa Mzee wa Pwani: Kama ni Waislamu kuna jambo la kuongeza, wa kulea harithi, ila unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi. Mimi nililelewa na mama mkubwa Bagamoyo. Sikuwahi kuulizia urithi. Nilichokuwa naangalia ni kama sahani yangu inapakuliwa pamoja na za wenzangu.

Muuliza: Wakuu, mrejesho. Fremu niliitoa Jumatatu. Jumatano mume wangu kauliza iko wapi, nikamuuliza lile swali la Mmangi. Alinyamaza hadi taarifa ya habari ikaisha. Kisha akasema kaka yake mkubwa ndiye aliyemnong'oneza pale pale, naye akaona haya kubisha mbele ya wazee. Habari ya mahakama amesema tuizungumze taratibu, sijamsukuma.

Jumamosi tunaenda studio, wote watano. Nimemwambia kijana achague shati. Amechagua, kisha akauliza simu atashika nani.