Traka yangu inavuta nyota badala ya kuzituliza, na Polaris siioni kabisa hapa Nairobi

nyota_umoja

Habari zenu wadau. Niko Umoja, napiga picha kutoka juu ya gorofa pale tunaanikia nguo, na shida yangu ni hii. Disemba nilinunua traka, ile mashini ndogo ya kuzungusha kamera polepole ifuate nyota, mkono wa pili, haikuja na karatasi ya maelezo wala nini. Kamera ni Canon 700D na lenzi ya 55-250 ambayo naiweka kwa 135. Nataka Nebula ya Orion, lile wingu la gesi kwa kundi la nyota la Orion, hiyo tu kwanza, juu niliiona kwa darubini ya shule nikiwa fomu thrii, kawingu ka kijivu kadogo tu lakini sijawahi kukasahau.

Sasa kila video naangalia inaanza na "tafuta Polaris uiweke katikati ya kitundu", yani ile nyota ya kaskazini ya kulengea traka. Nimeitafuta wiki mbili jamani. Upande wa kaskazini naona tu mwanga wa Dandora na moshi. Alafu nikasoma mahali ati watu wa kusini ya ikweta wanaangalia kusini, nikageuza traka nikaielekeza eapoti, dira nikatumia ya simu, nikalenga Orion ambayo saa nne usiku iko juu ya kichwa kabisa, sekunde 30. Nyota zikatoka vijiti. Na kitu inaniuma ni hii, nikizima traka nipige sekunde 30 hizo hizo, vijiti vinakuwa VIFUPI. Yani mashini ya kutuliza nyota ndio inazivuta zaidi. Nimeuziwa kitu mbovu? Pesa yangu yote ya Disemba iko hapo.

fundi_lenzi

Dada usiirudishe bado, naona kama hiyo traka ni nzima kabisa. Fanya hivi kwanza. Fungua hizo picha mbili kwa kompyuta, kuza nyota moja ile ile, uhesabu kijiti kina pikseli ngapi bila traka na ngapi na traka. Ukipata na traka ni mara mbili kamili, jibu tunalo, inazunguka kinyume. Mbingu inaenda magharibi kwa mwendo wake, traka inapeleka kamera mashariki kwa mwendo huo huo, basi makosa yanajumlishana. Ingekuwa imekufa vijiti vingelingana, na ingekuwa imelengwa vibaya kidogo tu vingekuwa vifupi lakini vimepinda upande.

Tafuta swichi ya N na S, yani kaskazini na kusini. Ziko za kila aina, zingine zimefichwa chini ya kifuniko cha betri. Mtu wa kwanza kuitumia pengine alikuwa ameiweka N. Ukielekeza mhimili, yani ule mstari traka inauzunguka, kusini lazima iwe S.

Na Polaris uache kuitafuta, haiko. Ncha ya kaskazini ya mbingu, ile nukta nyota zinaizunguka na Polaris iko karibu nayo, inasimama juu ya upeo kwa digrii sawa na latitudo ya mahali ulipo. Mtu wa London anaiona digrii 51 juu. Sisi Nairobi tuko digrii 1.3 kusini ya ikweta, kwa hivyo kwetu iko CHINI ya upeo, imezikwa na ardhi. Ile ya kusini nayo iko juu kwa digrii 1.3 tu, na nyota ya karibu nayo ni Sigma Octantis ambayo ni hafifu sana, kwa huo urefu na huo mwanga wa Embakasi hutaiona ata na darubini. Hizo video zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa mbingu yao, sio makosa yako.

nyota_umoja

Nimehesabu. Bila traka 67. Na traka 135. 😭

Na swichi nimeipata, kweli iko ndani pale betri zinaingia, kadogo kama punje ya mchele, na iko kwa N. Asante sana fundi, kusema ukweli usiku ule nililala vibaya. Sasa swali linabaki, kama hakuna nyota ya kulenga pande zote mbili, nitajuaje nimeelekeza sawa? Dira ya simu kila nikisonga hatua mbili inasema kitu kingine. Alafu besi ya kuinamisha traka inagoma kwa digrii 10, haitaki kushuka chini zaidi.

MzeeKilimia

Mwanangu, dira juu ya paa la zege lenye vyuma ndani, na pembeni tangi limekalia stendi ya chuma, itakudanganya kila mara. Tumia jua. Mimi nimekulia Lamu, na wazee wetu walikuwa wakitazama kivuli cha kijiti kujua adhuhuri imeingia, sasa njia hiyo hiyo ndiyo itakayokupa kusini ya kweli pasi na dira.

Siku ya jua simamisha ufito wa mita moja hapo juu, uwe wima hasa, pima kwa uzi na jiwe. Kisha funga uzi wa mita moja kwenye shina la ufito na kaa upande wa pili, uchore duara sakafuni. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinatoka nje ya duara, na kadiri jua linavyopanda kinajikusanya. Ncha ya kivuli ikigusa duara, kwa mwezi huu wa Januari ni kama saa nne, tia alama. Halafu kaa usubiri. Mchana itarefuka tena iguse duara upande wa pili, kama saa tisa na nusu, tia alama ya pili. Unganisha alama mbili kwa mstari. Huo ni mashariki na magharibi. Mstari wa kuukata wima ndio kaskazini na kusini, wala si wa sumaku, ni wa dunia yenyewe. Upake rangi usifutike na mvua, mara moja umefanya umemaliza, kila usiku unaweka tripodi yako juu yake tu.

Usitegemee kivuli cha saa sita peke yake kama wengine wanavyofundisha. Kwanza adhuhuri ya Nairobi haiangukii saa sita kamili, mwezi huu ni kama saa sita na dakika arobaini. Pili huku kwetu jua liko juu sana, kivuli wakati huo kinageuka upesi mno, ukichelewa dakika moja tu umekosea karibu digrii nzima.

Na hicho kiwingu ukishakipata, usiisahau Kilimia, iko kaskazini magharibi ya Orion, kundi la nyota zilizoshikana kama tone. Kwa kamera ina utando wa samawati, ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zenyewe. Nyanya yangu alikuwa akisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Alikuwa akilima kwa kukitazama.

fundi_lenzi

Shikamoo mzee, hiyo ya duara nimeiandika kwa daftari.

Kuhusu besi, karibu wote huku tumepitia. Zimetengenezewa watu wa latitudo ya digrii 30, 40, 50. Acha besi kwa hiyo 10, alafu fupisha mguu wa tripodi unaoangalia kusini mpaka mhimili wa traka ulale. Weka simu juu ya mwili wa traka, tumia ile programu ya kupima mlalo, unataka karibu sifuri, upande wa kusini uinuke kama digrii moja. Ukimaliza weka mfuko wa mchanga chini juu tripodi iliyoinama inaanguka kirahisi, na uangalie kamera ikizunguka isigonge mguu.

Sasa kitu ya kukutuliza moyo. Ukikosea digrii MOJA nzima, kwa lenzi yako ya 135 na sekunde 30, nyota itahama kama pikseli moja na kidogo. Haionekani. Hao wa mtandaoni wanahangaika na vipimo vidogo vidogo ni wenye darubini ndefu na wanapiga dakika tano tano. Siku ukifika huko, iko programu ya bure ya laptopu inaitwa N.I.N.A., ina njia ya kupima mhimili kwa picha tatu za mahali popote angani, haihitaji kuona ncha. Kwa saa hii duara la mzee linakutosha kabisa.

KijanaWaRongai

Niongezee hapo kwa upande wa picha yenyewe juu naona traka imepata daktari.

Picha moja ya sekunde 30 ata ikiwa safi haitakufurahisha, itakuwa na anga ya kijivu na kawingu ka rangi ya waridi katikati basi. Siri iko kwa wingi. Piga 120 za sekunde 30, hiyo ni saa moja, zote RAW, yani faili ghafi za kamera, ISO 800, alafu unazirundika kwa Siril ama DeepSkyStacker, zote za bure. Programu inapanga nyota juu ya nyota, ile chengachenga inapungua, nebula inabaki. Lakini hesabu yake ni ya mzizi wa pili, yani ukitaka chengachenga ipungue nusu lazima upige picha mara NNE, kwa hivyo usikate tamaa ukiona 20 hazijatosha. Ukimaliza funika lenzi upige zingine 20 za giza kwa mpangilio ule ule na kabla kamera haijapoa, na zingine ukiwa umefunika lenzi na tishati nyeupe ukilenga anga asubuhi, hizo zinaondoa vumbi na ile pembe nyeusi. Fokasi usiamini ile alama ya lenzi, washa skrini, kuza nyota kubwa mara 10, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, alafu ubandike lenzi na selotepu isisonge.

Bado Orion iko na zawadi kwetu. Mintaka, ile nyota ya pembeni ya mkanda, inapita karibu kabisa juu ya kichwa hapa Nairobi, na juu ya kichwa ndio mahali mwanga wa mji ni mchache zaidi. Watu wa Ulaya wanaipiga ikiwa chini zaidi ya hapo.

Alafu siku moja shuka Magadi Road. Mimi natokea Rongai, napita Kiserian, ukishapita Corner Baridi unaanza kuteremka bondeni na mwanga wa Nairobi unabaki nyuma ya Ngong. Huwa tunalala pale Olorgesailie, kwa makavazi, wako na banda na mahali pa hema, kama kilomita 70 hivi kutoka taoni. Nenda mkiwa watu kadhaa, ongea na walinzi mapema mwaambie mtakuwa nje usiku, wanakuambia fisi wanapita wapi, na tochi iwe nyekundu. Mara ya kwanza nilizima taa ya gari nikakaa kama dakika 20 macho yazoee, nikaangalia upanga wa Orion, na kile kitu nilikuwa nikikitafuta kwa kamera mwaka mzima kilikuwa kinaonekana kwa macho matupu. Nilinyamaza tu.

Nenda Februari mwezi ukiwa haupo, na ukae mpaka saa saba usiku, Nebula ya Carina inapanda kusini, digrii 31 hivi juu ya upeo. Ni pana kuliko ya Orion, na watu wa Ulaya hawaioni kabisa. Na kwa sababu iko mbali na ikweta ya mbingu, ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta yetu, inatembea nusu ya mwendo wa Orion, kwa hivyo ata mtu asiye na traka anaweza kuacha kamera wazi muda mara mbili. Kule joto nalo ni jingi, sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, ikipata joto inatoa nukta za rangi, hizo picha za giza usiziruke.

nyota_umoja

Wadau nimerudi. Duara nilichora Jumamosi, watoto wa gorofa walikaa na mimi mpaka saa tisa na nusu wakingoja kivuli kiguse, mmoja ndio alitia alama ya pili. Swichi iko S. Mguu wa kusini nimefupisha, simu inasoma 1.2.

Picha ya kwanza nikakuza mpaka mwisho. Nukta. Zote nukta mpaka kwa kona. Nilipiga kelele mama wa chini akauliza kama kuna mwizi.

Nimepata 94 kabla mawingu yafike, nimezirundika kwa Siril, na nebula imetoka na mabawa yake mawili na ile sehemu nyeusi inaingia katikati kama kidole. Mbili tu zinanisumbua. Katikati imeungua ni nyeupe tupu, na rangi yake ni ya waridi imefifia, zile za watu wengine ni nyekundu damu.

fundi_lenzi

Hongera sana dada!! Hiyo nyeupe katikati ni Trapezium, nyota changa za moto zinazowasha lile wingu lote, zinang'aa kuliko mabawa mara nyingi sana. Usiku mwingine piga 30 za sekunde 3 tu, uzirundike peke yake, alafu kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, uweke kati hiyo juu ya picha yako. Rangi nayo ni kamera. Wekundu wa hidrojeni uko kwa nanomita 656, na mbele ya sensa kuna filta ya kiwandani inayokata sehemu kubwa ya mwanga huo ili ngozi za watu zitoke vizuri kwa picha za kawaida. Wengi wenye nyekundu damu wamefungua kamera wakaitoa. Usiifungue yako, ya Orion ina oksijeni pia ambayo kamera yako inaiona vizuri, ongeza saa mbili zaidi na rangi zitatoka vizuri zaidi.

Hizo RAW 94 usifute. Za usiku mwingine zinaongezwa juu yake.

nyota_umoja

Sijafuta. Leo anga iko wazi, napanda saa tatu.