Re: Barua ya mahakama kuhusu watoto wa dada

> Wapendwa, watoto wa dada yangu wamekaa kwa familia ya malezi miezi kumi sasa, huku Marekani. Ameitwa mahakamani kupitia mpango wao wa kudumu. Ameambiwa ni kikao cha kawaida. Niombe ruhusa kazini au aende mwenyewe?

Pole sana dada. Omba ruhusa, uende naye.

Kikao hicho ni kizito. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 inataka kifanyike ndani ya miezi 12 tangu mtoto ahesabiwe kuingia kwenye malezi. Hapo ndipo jaji anaamua mtoto anaelekea wapi: arudi kwa mzazi, aasiliwe, apewe mlezi wa kisheria, au akae na ndugu. Mtoto akifikisha miezi 15 kati ya 22 iliyopita akiwa kwenye malezi, kwa kawaida idara ya ustawi wa watoto hutakiwa kuomba mzazi avuliwe haki zake. Moja ya sababu zinazoiruhusu idara isiombe hivyo ni mtoto kulelewa na ndugu. Kwa hiyo usikae kimya. Wewe ni mama yao mdogo. Kama unaweza kuwachukua, mwandikie mfanyakazi wa ustawi leo, na nakala ampate wakili wa dada yako.

Jambo la pili linaniuma. Nilimsindikiza mama mmoja wa Bukavu, Kongo, mkalimani yuko kwenye simu, anaongea Kiswahili cha pwani. Kila jaji akiuliza, mama anainamisha kichwa, "ndiyo, ndiyo", kwa heshima tu, vile mtu anavyomwitikia mkubwa. Tulipofika kwenye lifti akanishika mkono: "Wamesema nini?" Alikuwa ameitikia mambo asiyoyaelewa, na yakaandikwa.

Ombeni mkalimani mapema, mseme na ni Kiswahili cha wapi. Asipoelewa, aseme "sijaelewa", hata mara kumi. Abebe vyeti vya mafunzo, mkataba wa nyumba, na daftari lenye tarehe ya kila siku aliyowaona watoto, na zile alizofika wao wasiletwe.

---

Naongezea kidogo. Sisi tunalea watoto wawili wa namna hii. Mlezi naye hupewa taarifa ya kikao na ana haki ya kusikilizwa. Kama mnaelewana naye, mwombeni aeleze jinsi watoto wanavyomlilia mama yao baada ya kuonana. Sisi tulieleza.

---

Asanteni sana. Nimeshaandika barua, dada anatafuta lile daftari. Kikao ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Tutakuwa wote.