Mrejesho: msongo wa kazi na kukosa usingizi

Wakuu, shukrani sana. Niliuliza nifanyeje na msongo wa kazi: moyo kwenda mbio, usiku macho makavu. Kilichonisaidia zaidi ni kuongea na bosi. Nilimwandikia majukumu yangu yote kwenye karatasi moja, nikamwomba achague yapi yatangulie. Mawili akampa mwenzangu palepale. Kahawa ya jioni nimeacha, maana kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Ile ya kuvuta pumzi na kuitoa polepole inafanya kazi kweli, mapigo yanashuka unayasikia kabisa. Simu sasa inalala sebuleni. Usingizi umerudi, ila Jumapili jioni kifua bado kinabana, kwa hiyo nimepanga kumwona mshauri nasaha. Aliyesema nipime presha kwanza: nimepima, iko sawa.