Re: Pikapu ya kabureta inazima njiani tangu baridi ianze (Duluth)

Kutoka Duluth, Minnesota

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za huko mliko.

Huu ni msimu wangu wa kwanza wa baridi hapa. Nimenunua pikapu kuukuu, Ford F-150 ya 1979, silinda 6 za mstari, lita 4.9, kabureta (kichanganya petroli na hewa) ya Carter yenye koo moja. Kiangazi chote haikuwa na neno. Sasa asubuhi inawaka kwa taabu, na nikikanyaga mafuta ili niondoke inashtuka na kuzima. La pili linanitisha zaidi: siku za manyunyu, nyuzi 2 au 3, nikishaingia barabara kuu inapungua nguvu kidogo kidogo, na nikisimama kwenye taa inazima. Nikikaa pembeni kwa muda inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Hita nayo inatoa uvuguvugu tu.

Karakana niliyoipeleka wameniambia nitupe kabureta na kununua mpya, kwa bei inayokaribia nusu ya thamani ya gari. Mjomba wa Mikindani, wewe umeshika spana huku miaka mingi. Nisaidie kabla sijalipa.

Kutoka Mikindani, Mtwara

Marahaba mpwa wangu. Usilipe bado. Hayo uliyoyaandika si ugonjwa mmoja, ni miwili au mitatu imekutana, na kabureta mpya ingeweza kukuacha na ule mbaya zaidi.

Kwenye baridi, kwanza tazama tatizo linakuja wakati gani. Gari linalogoma kuwaka likiwa baridi kabisa lina habari yake, linaloshtuka dakika za mwanzo lina yake, na linalozima likiwa limeshatembea lina yake. Fundi asiyekuuliza hilo anabahatisha kwa pesa yako.

Kazi hii niliianzia Mtwara mjini, kwenye Land Rover 109 za petroli zilizokuwa zikipanda Newala, kisha nikaifanya huko huko uliko. Kijana aliyetoka gereji za kwetu anaijua kabureta kuliko wengi wa huko waliokulia kwenye injini za kompyuta. Lakini tuna mazoea ambayo hapa pwani ni akili na huko ni hasara. Tunatoa thamostati, ile inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Choki, kipepeo cha juu cha kabureta kinachobana hewa wakati wa kuwasha, tunaifunga kwa waya ibaki wazi. Bomba lolote linalopeleka hewa ya moto kwenye kabureta tunaling'oa, maana hapa hewa ya moto ndiyo tunayoikimbia. Huko injini inatafuta joto kwa kila njia, na vikorokoro vingi unavyoviona juu ya hiyo silinda 6 viliwekwa kwa ajili hiyo tu.

Nianze na hilo la kuzima barabarani, kwa sababu ni hatari. Nadhani kabureta yako inaganda barafu. Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto la hewa inayopita, na hewa hiyo inaweza kupoa nyuzi 20 au zaidi ndani ya koo. Kama nje ni nyuzi 3 na kuna unyevu, maji yaliyomo hewani yanaganda kwenye kipepeo cha chini, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta, na kuziba njia ya sailensi, yaani ya injini kuunguruma bila kukanyagwa. Injini inakosa hewa, nguvu inapungua, ukiachia mafuta inazima. Ukisimama, joto la injini linapanda, barafu inayeyuka, gari linawaka. Ndiyo maana hukuti kitu ukifungua baadaye. Tena usishangae ukiona kwenye baridi kali na kavu, nyuzi 20 chini ya sifuri, tatizo hilo halipo: hewa kavu haina maji ya kuganda. Linapenda siku za mvua na ukungu, kuanzia juu kidogo ya sifuri hadi nyuzi 10 au 15. Na wewe unakaa kando ya Ziwa Superior.

Nijibu mambo mawili. Ekilina, yaani chujio la hewa lililo juu ya kabureta, ni ya aina gani? Na ukiwasha gari asubuhi, shika ile hozi ya juu ya rejeta: inabaki baridi kwa muda halafu inapata moto ghafla, au inapata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo?

Kutoka Duluth

Mjomba, ekilina ni ya kromu, ya mviringo, wazi pande zote. Aliyeniuzia alisema ni ya kuongeza nguvu. Hozi inapata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, na haifiki kuwa ya moto kweli.

Jana ilizima tena, nikafungua boneti hapo hapo na kuinua kifuniko. Ndani ya koo kulikuwa na utando mweupe kama wa friji. Nilipogusa ukayeyuka.

Kutoka Edmonton, Kanada

Mdogo wangu wa Duluth, pole. Mimi ni wa Lindi, nipo huku kwenye baridi kali kama yako. Mjomba atamaliza ya kabureta, mimi naongeza kuhusu kuwaka asubuhi. Betri ya gari kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na kama nusu tu ya nguvu yake, na wakati huo huo oili imekuwa nzito, kwa hiyo starta inadaiwa zaidi na inapewa kidogo. Angalia oili iliyomo. Kama ni 20W-50 kama tunayomwaga nyumbani, itoe, weka 10W-30 au 5W-30. Na ufunge hita ya bloku, ile ya kuchomeka kwenye umeme wa nyumba saa chache kabla ya kuwasha. Injini ya kabureta inaipenda kuliko hizi za kisasa.

Na hili nakuomba kwa dhati: usipashe gari moto ndani ya gereji iliyofungwa, hata mlango ukiwa wazi nusu. Moshi wa eksozi una gesi isiyo na harufu na inaua watu waliokaa tu kungoja gari lipate joto. Litoe nje kwanza.

Kutoka Mikindani

Dada wa Lindi, asante, hilo la moshi lilipaswa kutangulia yote.

Mpwa wangu, umefanya vizuri kuinua kifuniko pale pale. Utando ule ndio ushahidi, na hakuna kabureta mpya ambayo isingeganda chini ya ekilina hiyo. Tafuta ekilina ya asili ya gari hilo, yenye mdomo mrefu. Kwenye makarakana ya magari mabovu zipo. Hakikisha inakuja na kijibomba laini cha kupandisha hewa kutoka kwenye bati linalozunguka menifodi ya eksozi, na bati lenyewe liwepo. Ndani ya mdomo kuna mlango mdogo unaovutwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Nyonya hozi yake kwa mdomo: mlango unapaswa kuinuka, kuziba hewa ya nje, na kubaki hapo ukiziba hozi kwa ulimi. Ukirudi chini, kiwambo kimepasuka.

Hozi ya rejeta kupata uvuguvugu tangu mwanzo maana yake thamostati imekwama wazi au haimo. Mtu aliitoa, kama tunavyofanya sisi. Weka yenye namba 195. Hiyo ni Fahrenheit, sawa na kama nyuzi 90 zetu. Hita yako itapona siku hiyo hiyo.

Sasa asubuhi. Injini ikiwa baridi kabisa na ekilina imetolewa, kanyaga mafuta mara moja hadi chini, achia, nenda utazame: kipepeo cha choki kinapaswa kuwa kimefunga. Kama kimebaki wazi, springi yake imelegea au mhimili umeganda kwa uchafu, na gari litapiga chafya kupitia kabureta na kuzima. Likishawaka, kinapaswa kufunguka kidogo papo hapo, halafu pole pole mpaka kisimame wima. Kisipofunguka utaona moshi mweusi na plagi zitalowa.

Kushtuka ukikanyaga kuna sababu nyingine pia. Injini ikiwa imezimwa, chungulia kooni huku ukivuta waya wa mafuta kwa mkono. Petroli iruke mara moja, mchirizi imara. Ikichelewa au ikidondoka tu, kiwambo cha ile pampu ndogo ya kabureta, inayorusha petroli ukikanyaga, kimekakamaa. Petroli ya Minnesota ina ethanoli asilimia 10, na mpira wa 1979 haukutengenezwa kwa hiyo. Nunua kiti (seti ya vipuri) ya kukarabati yenye kiwambo kipya. Ni bei ndogo sana mbele ya kabureta nzima. Hozi za vakyumu pia zikague moja moja, zilizopasuka badilisha. Ukitafuta inapovuja, tumia maji ya sabuni. Nimeona watu wakipulizia petroli juu ya injini inayounguruma, sitaki kusikia umefanya hivyo.

Kutoka Duluth

Mjomba, shikamoo tena. Ekilina nimeipata pamoja na bati lake, thamostati nimeweka (haikuwemo kabisa). Leo ni manyunyu, nimekwenda hadi Two Harbors na kurudi bila kuzima. Hita inachoma. Choki inafunga sawasawa ila pampu inadondosha tu, nimeagiza kiti. Nikifungua kabureta, niguse na boya, lile linaloelea kwenye petroli ndani yake?

Kutoka Mikindani

Marahaba. Boya litikise sikioni. Ukisikia mafuta ndani limetoboka, badilisha. Kama halina kitu, pima kimo chake kwa karatasi itakayokuja na kiti, wala usikunje kwa kukisia. Sindano inayofunga mafuta badilisha pamoja na kikalio chake, usiweke mpya juu ya kikalio cha zamani. Ukishafunga yote, ndipo urekebishe sailensi, injini ikiwa na moto kamili na choki imesimama wima.