Eti mkiwa chini ya watu 250 hampati barabara?! Yaliyonikuta milimani India

Wakuu naandika hapa mabega yanawaka moto na hasira bado sijaimaliza, mnisamehe nikichanganya.

Nasoma Dehradun, mji wa jimbo la Uttarakhand, mwaka wa tatu huu. Likizo ya Diwali rumeti wangu akaniambia twende kwao, kijiji kiko wilaya ya Pauri Garhwal, huko juu ya Satpuli. Mimi nikajua ni hewa safi na picha za kuposti. Kumbe!

Basi linaishia Satpuli. Hapo unapanda jipu, na jipu haing'oki mpaka ijae, kama hiace za kwetu tu, tofauti ni kwamba huku watu wa kuijaza hawapo. Tumekaa masaa matatu tunatafuna njugu, mwisho dereva anatwambia lipieni na siti zilizobaki twende. Tukalipa, tufanyeje. Na jipu nayo inawatema njiani, kufika nyumbani ni mguu, saa moja na nusu ya kupanda kinjia cha nyumbu wa mizigo, hata mtungi wa gesi unapandishwa na mnyama.

Nyumba ni nzuri mno, za mawe mpaka paa, ila mlango baada ya mlango ni kufuli lililoota kutu. Jamaa akahesabu wanaoishi pale mwaka mzima, wakaja 17. Kumi na saba! Wengine wote wako Delhi na Dehradun.

Sasa sikieni kilichonikera. Mpango wa serikali ya India wa barabara za vijijini ulianza 2000, na sharti ni hili: tambarare makazi yawe na watu 500, milimani 250. Mkipungua hapo hamhesabiki. Septemba 2024 wakapitisha awamu ya nne, kilomita 62,500 kwa makazi 25,000, hongera zao, lakini idadi ya watu wanaichukua kwenye sensa ya 2011! Ya 2021 haikufanyika, korona, sasa wanasema 2027. Kijiji hiki hata hiyo 2011 hakikufika 250, kwa hiyo kiko nje. Watu wamehama kwa sababu hakuna barabara, halafu wananyimwa barabara kwa sababu wamehama. Huyu aliyekaa ofisini akapanga hivi alikuwa anawaza nini jamani?

Na msidhani ni kijiji kimoja. Pauri na Almora, wilaya mbili nzima, zilipungua watu kati ya 2001 na 2011 wakati India yote inaongezeka mpaka bilioni 1.21. Tume ya uhamaji ya jimbo la Uttarakhand ilitoa ripoti 2018, vijiji 734 vimebaki vitupu tangu 2011. Vitupu kabisa, wamebaki nyani na nguruwe pori kwenye matuta ya mashamba.

Siku ya tatu bibi yake rumeti, dadi wanamwita, kateleza kwenye chemchemi akienda kuteka maji, mguu ukavunjika chini ya goti. Ambulensi itafika wapi? Tukachukua kiti cha plastiki, hivi vya harusini, tukakifunga kwenye mianzi miwili kwa kanga, yaani kwa sari yake ya zamani, dadi akaketi, vijana wanne tukabeba. Kwenye kona zile za mawe yaliyolegea wa mbele anashuka, wa nyuma anachuchumaa ili kiti kisiiname, na dadi mwenyewe halii, anatuombea radhi kwa uzito wake, mwanamke hafiki hata kilo 45!! Mara tatu tumepumzika. Chini barabarani tumesubiri jipu saa nzima na ushee.

Hospitali wamemfunga plasta, kapumzishwa siku mbili, tukampandisha tena vilevile maana mjini kakataa kukaa. Daktari kasema arudi baada ya wiki sita.

Sasa nambieni, wiki sita Diwali imeshapita, sisi wanne wote tumesharudi mjini, na kati ya wale 17 mwenye bega la kubeba kiti namjua mmoja tu.