Tupeane uzoefu: grupe (jenereta) ya nyumba nzima hapa Bukavu, wewe ulichagua vipi?

Mama Noëlla, Nguba
Jambo wazazi, jambo ndugu. Wiki iliyopita umeme ulikatika Jumanne jioni, ukarudi Ijumaa saa saba za usiku, tena ukiwa dhaifu, balbu nyekundu kama kaa. Konjelateri (friza) ilikuwa imejaa nyama ya ubatizo na sambaza, wale samaki wadogo. Nyama tuligawia majirani ikiwa bado nzima. Sambaza nilianika juu ya bati, kunguru wakachukua fungu lao.

Sasa Papa Noëlla anataka grupe ya kubeba nyumba yote. Niko na frigo, konjelateri, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, televisheni, taa, pasi na birika ya umeme. Muuzaji mmoja anasema 5 kVA (kipimo cha ukubwa wa grupe) inatosha, mwingine anasema nisiponunua 20 nitajuta. Sitaki hotuba. Niambieni mlinunua nini na kikawafanyia nini.

Papa Bahati, Kadutu
Mama, mimi nilijuta na 15. Niliikuta dipo, bei imekaribiana na ya 10 iliyokuwa pembeni yake, nikajiona mjanja. Vijana sita waliipandisha ngazi za mtaa wetu kwa miti miwili, wakipumzika kila baada ya hatua chache, na kila wakipumzika bei ya kubeba inapanda. Jioni fundi akafungua kifuniko, akanyamaza kidogo. "Papa, hii ni ya faze tatu."

Nyumba yangu ni ya faze moja, yaani waya mmoja tu wa moto. Kumbe zile 15 zimegawanywa mara tatu, kila faze inatoa 5 tu. Pampu ilipokutana na pasi, grupe ilikohoa, taa zikazima. Mpaka leo faze mbili zimelala bure. Naibeba kwa jina la 15, nakula 5.

Fundi wa Nyawera
Papa Bahati, pole, ila si wewe wa kwanza. Mama Noëlla, usihesabu vyombo ulivyo navyo, hesabu vinavyoamka pamoja. Pampu ya nguvu ya farasi moja ikishashika mwendo inakula kama wati 1,000. Lakini ile sekunde ya kuanza inavuta mara tatu, hata mara tano. Konjelateri nayo ina tabia hiyo hiyo. Pasi na birika hazina papara ya kuanza, ila birika peke yake huweza kumeza wati 2,000 mpaka maji yachemke.

Halafu kVA si kilowati. Kwa hesabu ya kawaida zidisha kwa 0.8: mashine ya 10 kVA inakupa kilowati 8. Na hizo 8 ni za usawa wa bahari! Ziwa Kivu lenyewe liko kama mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tumejenga juu ya ziwa. Hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa ndani) hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga mwenyewe: karibu sehemu moja ya sita imebaki kule Mombasa ilikoshukia.

Mwenye maternite (kituo cha uzazi)
Nami naleta hadithi ya upande wa pili. Kituo chetu ni kidogo. Tulishauriwa kwamba kubwa ndiyo salama, tukaweka ya mazutu (dizeli), 30 kVA. Mchana inabeba taa, frigo ya chanjo na kompyuta moja. Baada ya miezi saba bomba la moshi likaanza kutoa uji mweusi, unateremka kwenye ukuta tuliokuwa tumetoka kuupaka chokaa. Tukadhani injini imekufa.

Kumbe ilikuwa inakosa kazi. Injini ya mazutu ikitembea muda mrefu chini ya theluthi ya nguvu yake haipati joto, mafuta hayaungui yote, yanatoka hivyo hivyo na masizi. Dawa tuliyopewa ni kuitwika mzigo. Basi kila Jumamosi tunafua mashuka yote kwa mashine na kuyapiga pasi ili grupe ipone. Wamama wodini wanacheka: mgonjwa wetu anatibiwa kwa kufuliwa.

Yaya Furaha
Kabla ya kVA ongeeni mahali pa kuiweka. Shemeji yangu aliogopa wezi, akawasha grupe ya esansi (petroli) ndani ya koridoo, mlango wa nyuma ameuacha wazi kidogo. Watoto wakasema kichwa kinauma, watu wakasema ni malaria. Jikoni kulikuwa na jogoo kwenye kitunga, ameletwa kwa ajili ya mgeni, tangu asubuhi anasumbua. Dada yangu ndiye aliyeuliza, "Mbona huyu amenyamaza?" Akafunua. Jogoo amelala ubavu.

Waliwatoa watoto nje kwa kuwaburuta. Wawili walitapika, wote walilazwa, wote walirudi, Mungu ni mkubwa. Ile sumu ya moshi wa grupe, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi. Harufu ya esansi unaizoea, yenyewe huisikii. Siku hizi grupe yao iko mwisho wa parsele (kiwanja), mbali na madirisha, ndani ya kibanda cha vyuma chenye hewa pande mbili, mnyororo umefungwa kwenye zege. Mwizi apambane na zege.

Kijana wa Panzi
Mimi nina paneli, betri mbili na grupe ndogo ya 3 kVA kwa wiki za mvua tu. Esansi ya chupa za barabarani iliniulia kabureta mara mbili, ina maji chini. Sasa naichuja kwa kitambaa na naiacha itulie usiku kucha. Pasi? Ya makaa, kama bibi.

Muzee wa nguzo
Nilipanda nguzo miaka mingi. Kuna watu wanatengeneza waya wenye vichwa viwili vya kiume, wanachomeka grupe kwenye plagi ya ukutani. Umeme unatoka kwenye mita yako, unafika transfoma ya mtaa, unapandishwa hadi maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna mtoto wa mtu anayeamini laini imezimwa. Mwenzangu alitupwa kutoka ngazini. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Mama, weka inversa, swichi ya kubadilishia: ama umeme wa mtaa, ama wa grupe, kamwe si vyote viwili.

Na hizi chupa za plastiki tunazoziachia mvua izibebe, zinafika ziwani, zinaelea mpaka mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme wetu. Nusu ya giza letu tunalitupa wenyewe.

Mama Noëlla, Nguba
Aksanti sana wote. Tumeitoa birika kwenye hesabu, na pampu itaamka peke yake saa kumi na mbili asubuhi. Jana nilipakia pampu yangu kwenye teksi nikaenda nayo dipo, nikamwambia muuzaji aiwashie hapo hapo, na beseni la maji. Ile ya 5 ilinguruma, balbu ikageuka nyekundu, pampu ikatetemeka bila kuzunguka. Ya 8 ilishtuka mara moja tu, maji yakamrukia kwenye viatu. Ni ya faze moja, kifuniko nilifunguliwa kabla sijahesabu pesa.

Papa Bahati, wale vijana sita bado unawajua? Kutoka barabarani hadi kwangu kuna ngazi 64. Nataka bei moja, isemwe pale chini.