Kaniambia nakula benefiti zao, halafu kaniomba pauni!

ZamuYaUsiku:
Wakuu, salamu baadaye. Natetemeka hapa, sijui ni baridi au hasira.

Natoka zangu kazini saa 12 asubuhi, usiku kucha nageuza wazee vitandani, mgongo si wangu tena. Nakatiza mtaa wa maduka, ambao hapa Middlesbrough, kaskazini mwa Uingereza, maana yake ni mbao zilizopigiliwa madirishani, duka la kamari, duka la vepu, duka la kamari tena. Namkuta nani? YULE YULE. Wa mji huu mnamjua: suruali ya mazoezi isiyojua mazoezi, mbwa mkubwa kuliko kitanda changu, kopo mkononi tangu enzi za Thatcher.

Kaikodolea macho sare yangu, kasema: "Nyie mmekuja kula benefiti zetu."

Mimi! Benefiti ni hela za msaada wa serikali, na viza yangu imeandikwa hakuna kugusa fedha za umma. Kodi nakatwa, hiyo Universal Credit, benefiti ya wasio na kazi au wenye kipato kidogo, naisikia kwa jirani tu. Nikameza. Nikapiga hatua tatu. Akaniita: "Rafiki, una pauni hapo?"

PAUNI, wakuu! Hatua TATU! Tusi halijapoa mdomoni!

Mpemba_Asiyelala:
Ulimpa?

ZamuYaUsiku:
Hilo siyo la msingi.

Mpemba_Asiyelala:
Mkuu, jibu swali.

ZamuYaUsiku:
Nilimpa mbili. Sikuwa na sarafu ya moja.

KokoTatu:
😂😂😂 Kumbe benefiti unatoa wewe! Hana kosa, kakosea herufi tu.

MzeeWaTees:
Msimcheke sana. Chuma kingi cha daraja la Sydney la 1932 kilitoka huku. Kiwanda cha chuma cha Redcar, hapa jirani, kilipofungwa 2015, zaidi ya watu 2,000 walirudi nyumbani mikono mitupu. Mtoto wa mtu kama huyo unataka afanye nini, auze vitumbua?

ZamuYaUsiku:
Mzee, shikamoo, lakini pauni yangu na Sydney wapi na wapi? Hatua tatu, mzee!

MamaWawili:
Mnaozisema hizo hela za benefiti mmewahi kuziomba? Mume wangu ni raia, alipoachishwa kazi tulisubiri wiki 5 malipo ya kwanza. Tulikula maharage ya kopo ya benki ya chakula hadi mtoto akawa anayaita "ugali". 2025 mtu mzima peke yake alipata kama pauni 400 kwa mwezi, kodi ya nyumba mbali. Ukichelewa miadi, wanakukata. Hayo ni maisha ya kumwonea mtu wivu?

NipoMbagala:
400 za bure?? Naomba mwaliko.

Blackpool_Kwetu:
Hamjaona kitu. Mimi naishi kwenye iliyokuwa nyumba ya wageni wa ufukweni, imekatwakatwa vyumba kama keki. Fangasi ukutani ina ramani ya Afrika. Mwenye nyumba anasema nipunguze kupika.

KokoTatu:
Wa kwangu kasema nipunguze KUPUMUA, eti mvuke.

MamaWawili:
Na mita ya gesi ya kulipia kabla? Jana imezima nina sabuni kichwani.

Blackpool_Kwetu:
Huko kwenu Teesside, Middlesbrough na jirani zake, unga wa ugali mnapata wapi jamani? Huku nimebaki na semolina.

ZamuYaUsiku:
Wakuu, turudi kwenye mada. Aliniomba pauni!

MzeeWaTees:
Ninao, kilo 10. Sembe au dona?